Orodha ya pili

Leo asubuhi nimempeleka mtoto wa dada yangu kuangalia majina ya waliopokelewa darasa la saba, mwanzo wa sekondari. Tumeteremka kwa miguu kutoka Kadutu, mvua ndiyo imetoka kukatika, matope hadi kwenye vifundo. Shule ni ya serikali, kanisa ndilo linaiongoza, na Bukavu nzima inaitaka. Ndiyo maana wanafanyisha testi.

Orodha ya kwanza imepigwa mashine, imebandikwa mlangoni. Jina lake haliko. Sawa, testi ni testi. Lakini pembeni kulikuwa na karatasi nyingine, imechanwa kwenye daftari, majina kumi na moja kwa biki ya bluu. Nikamuuliza mlinzi, hawa ni akina nani? Akacheka: “Mama, hao ni watoto wa watu.”

Na huyu wangu ni mtoto wa nini?

Tangu 2019 hapa Kongo shule ya msingi ya serikali ni bure, dada yangu alishangilia sana. Ila ukifika la saba minervali, yaani karo ya shule, inarudi. Watoto wa Nguba na Muhumba, mitaa ya wenye pesa, walikuwa na mwalimu wa nyumbani. Huyu alisoma kwa tochi ya simu yangu, umeme ukikatika. Wote maswali yale yale, Kifaransa kile kile. Eti usawa.

Hata hayo ningeyameza. Biki ya bluu ndiyo imenikwama kooni.

Kurudi, hakusema kitu. Tulipofika Nyawera ndipo akaniuliza kama ile biki mpya ya testi anaweza kubaki nayo.