Kabla sijaweka begi chini: ninavyokagua chumba cha gesti

Gesti nyingi za mikoani unaandika jina kwenye kitabu cha wageni na kulipa kabla hujaona chumba. Mimi hugeuza utaratibu huo: "Dada, naomba nione chumba kwanza." Ukishalipa, kurudishiwa hela saa tano usiku ni vita. Na ukikuta tatizo ukaomba kubadilishiwa, mara nyingi utapewa chumba cha pili yake, kilichotenganishwa na kile cha kwanza kwa ukuta mmoja tu. Kunguni hupita kwenye nyufa na mabomba ya nyaya za umeme, kwa hiyo kama wako namba 6, namba 7 siitaki. Naomba upande mwingine wa korido au ghorofa nyingine.

Naanza na kunguni kwa sababu wasafiri wengi huogopa kisicho chenyewe. Mtu anaingia na pakiti ya wipesi, anasugua rimoti na swichi mpaka zing'ae, kisha analitupa begi juu ya kitanda. Vijidudu vya kwenye rimoti vinaishia mikononi, na mikono inanawika. Kunguni hanawiki. Anaingia kwenye zipu, anarudi na wewe hadi nyumbani, na kumtoa huko ni kazi ya miezi.

Begi langu husubiri bafuni, juu ya vigae vikavu, au hubaki mgongoni wakati nakagua. Taa za vyumbani ni hafifu, kwa hiyo natumia tochi ya simu, nikiielekeza kwa ubavu ili kila kitu kitoe kivuli. Navua shuka kwenye kona mbili za kichwani tu, zile za upande wa ukutani. Kunguni hupenda kukaa karibu na anayelala na mbali na vurugu, na kichwani ndipo vyote viwili vinapatikana. Napitisha kadi ya benki kwenye mshono wa godoro, taratibu, nikiufunua. Mkubwa ana milimita 5 hivi, bapa, wa kahawia, utadhani punje ya dengu. Wadogo wana rangi iliyopauka na hawafiki ukubwa wa mbegu ya ufuta. Mara nyingi sitakuta mdudu mwenyewe. Nitakuta magamba yake aliyojivua, au vidoa vyeusi kama ncha ya peni ya wino. Nikiwa na shaka na kidoa, nakigusa kwa tishu iliyoloa. Kikichuja rangi ya kutu, hicho ni kinyesi chake, yaani damu iliyosagwa.

Kisha nainua godoro nitazame chaga, hasa pale zinapokaa juu ya mbavu za kitanda. Vitanda vya mninga vyenye nakshi kichwani ni vizuri kwa macho, lakini kila kiungo na kila tundu la skrubu ni nyumba. Mshono wa juu wa chandarua nao nautazama. Godoro ambalo bado liko kwenye nailoni yake ya kiwandani wageni hulilalamikia kwa joto na kelele. Mimi hufurahi nikilikuta, kwani mshono umefunikwa. Kama nailoni imechanika, hapo pa kuchanika ndipo pa kuanzia.

Usitegemee kwamba "jana nililala hapa sikuumwa". Kuna watu ngozi zao hazionyeshi chochote, na wengine vipele hutokea baada ya siku kadhaa, wakati wako mji mwingine wanailaumu gesti nyingine. Na ukiwakuta kunguni, usikubali mhudumu apulize dawa ya kopo halafu ulale humohumo. Wengi wamekuwa sugu kwa dawa za aina hiyo, na wasiokufa hutawanyika. Ahueni ni kwamba kunguni hajulikani kuambukiza ugonjwa. Ni kero, muwasho na usingizi kupotea.

Kitanda kikipita, shuka. Shuka lililotoka kufuliwa lina alama za mikunjo. Lililotandikwa tena baada ya mgeni kuondoka limelegea na foronya ina mafuta ya nywele. Naomba libadilishwe nikiwa nimesimama palepale. Mfukoni nina doti ya kanga: kipande kimoja juu ya mto, kingine cha kujifunika. Inafulika usiku na asubuhi imekauka, jambo ambalo shuka zito haliwezi. Blanketi ni habari nyingine, kwa sababu si kawaida kufuliwa kila mgeni anapoondoka, na ukiwa Njombe mwezi wa saba huna ujanja, utalihitaji. Nalitanguliza shuka chini yake, kisha nalikunja shuka hilo juu ya ukingo wa blanketi kama sentimita 40, ili linalogusa uso liwe shuka. Chandarua cheupe pe kinachonukia jiki usikisifie haraka: jiki na jua kali huharibu dawa iliyotiwa kwenye chandarua, kwa hiyo kinaweza kuwa wavu tu. Kikague matundu, kichomeke chini ya godoro.

Bafuni adui yangu ni zile ndala za wote. Fangasi wa miguu wanapenda mpira wenye unyevu, nami sizivai hata ziwe mpya kiasi gani. Zangu ziko kwenye begi. Kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika nakiacha kilipo. Kopo la kutawadhia nalisuuza kwa sabuni ndani na kwenye mkono wake, au shatafu kama ipo.

Nikikaa zaidi ya siku mbili, nanunua chupa ndogo ya jiki dukani. Kwa jiki ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha mezani (mililita 15) katika nusu lita ya maji baridi kinatosha kwa kiti cha choo, kitasa na koki. Lakini kwanza nasugua kwa sabuni, maana uchafu huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Napaka, naacha dakika 10, nasuuza. Mchanganyiko wa jana namwaga, nguvu imeshapungua. Kosa la hatari ni kuiongezea dawa ya choo yenye asidi: inatoka gesi ya klorini, na bafu la gesti halina dirisha la maana.

Rimoti na swichi nazifuta kwa sanitaiza yenye alkoholi kuanzia asilimia 60, kwenye tishu, na kuacha zikauke zenyewe. Wipesi za watoto huondoa vumbi tu. Alkoholi nayo haifanyi kazi vizuri kwa norovirusi, mmoja wa virusi vinavyoleta kuhara na kutapika, kwa hiyo kabla ya kula ni maji na sabuni, sekunde 20. Glasi za chumbani sizitumii. Tambara lililopita kwenye sinki huenda ndilo lililozifuta. Birika la umeme nalijaza hadi alama ya juu, nachemsha, namwaga, kisha nachemsha ya kunywa.

Bomba la mvua nalifungulia dakika chache huku nimetoka bafuni, hasa kama chumba kilikuwa hakina mgeni. Mwaka 1976 wageni wa mkutano katika hoteli ya Bellevue-Stratford, Philadelphia, waliugua homa kali ya mapafu na kadhaa wakafariki. Bakteria aliyegunduliwa baadaye akaitwa Legionella. Huzaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama, na huingia kwa kuvutwa na mvuke au matone madogo. Tangi jeusi juu ya paa lililopigwa na jua wiki nzima ni vuguvugu la kutosha.

Nikifika nyumbani begi haliingii chumbani. Nguo zote, hata ambazo sikuvaa, zinakwenda kwenye maji ya nyuzi 60 au zaidi. Zisizovumilia moto nazifunga kwenye mfuko na kuziweka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4. Kuanika begi juani kwenye nailoni nyeusi sikuamini: nje linaunguza, katikati ya nguo ni vuguvugu tu. Mishono ya begi naipitia kwa kadi ileile, na baada ya wiki mbili narudia, kwa sababu yai huchukua siku 6 hadi 10 kuanguliwa.