Nilivyotoka kilo 94 hadi kilo 76 nikiwa Kondele

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kondele, Kisumu. Kazi yangu ni ya kukaa. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku niko kitini nyuma ya wavu, na mama wa chapati yuko hatua tano kutoka mlangoni. Nilipoanza nilikuwa na kilo 94 kwa urefu wa sentimita 162. Leo nina 76. Imechukua miezi 14.

Naandika kwa sababu karibu kila aliyenishauri alinieleza namna ya kuanza. Kuanza sikuhitaji kufundishwa, nilikuwa nimeanza mara sita. Kilichonirudisha nyuma kila mara ni ile wiki ambayo umejinyima kweli kweli, halafu unapanda mizani na imeongezeka.

Mwanzoni nilikuwa najipima kwa vijana wa mizani wanaokaa kando ya barabara, shilingi 10 au 20. Jumatatu mmoja akanipa 92. Alhamisi mwingine akanipa 94 na nusu. Jioni hiyo nilikula chapati tatu, nikasema mwili wangu umekataa. Kumbe Alhamisi nilipima baada ya chakula cha mchana, nina viatu, simu mbili za kazi na sarafu za kutosha kwenye mkoba wa kiunoni, juu ya mizani ya springi iliyowekwa kwenye lami iliyoinama. Mizani mbili tofauti hazina la kuambiana.

Nikanunua yangu ya dijitali, elfu moja na kitu. Lakini sikuiamini hadi niliposhika bunda la unga dukani kwa kaka yangu, lile la pakiti 12 za kilo 2. Nilisimama peke yangu, nikaandika. Nikasimama tena nimekumbatia bunda. Iliongezeka kilo 24 na nukta moja. Basi mizani haina kosa. Nikaweka bunda chini, nikanywa maji nusu lita pale pale, nikapanda tena: nusu kilo imeongezeka. Nilikaa nikiitazama ile namba. Nimekunywa maji tu, hakuna hata tone la mafuta, na mizani inasema nimenenepa.

Kuanzia hapo nikawa najaribu kila kitu. Jumamosi usiku nikala chipsi na soseji zenye chumvi nyingi, Jumapili asubuhi nimepanda kilo 1.3. Zamani ningelia. Sasa nikapiga hesabu: kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kuongeza mafuta ya kilo 1.3 ningehitaji kula kalori 10,000 juu ya mahitaji yangu. Sahani moja ya chipsi haifiki huko hata kwa mbali. Yalikuwa maji, pamoja na chakula chenyewe ambacho bado kiko tumboni. Chumvi hushika maji, na wanga pia: kila gramu ya wanga ambayo mwili unaiweka akiba kwenye misuli na ini hukaa na kama gramu 3 za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kujinyima watu hupungua kilo tatu wakafurahi, halafu wiki ya tatu wanapungua robo kilo wakakata tamaa. Zile za kwanza nyingi zilikuwa maji. Kufikia Jumatano zangu za chipsi zilikuwa zimeondoka zenyewe. Kina dada, siku chache kabla ya hedhi wengi wetu tunaongeza kilo moja au mbili hivyo hivyo.

Kwa wakala hili si jambo geni. Floti, yaani pesa iliyo kwenye simu ya kazi, inashuka, pesa taslimu inapanda, jioni inageuka. Hakuna anayelia saa 6 mchana kwa sababu floti imepungua, unangoja kufunga hesabu. Nikachukua kaunta buku. Kila asubuhi, nikishatoka msalani na kabla ya chai, naandika uzito. Jumapili najumlisha siku saba, nagawanya kwa saba. Namba ninayoiamini ni hiyo peke yake. Miezi mitatu ya kwanza wastani wangu ulishuka karibu nusu kilo kwa wiki, na bado katika kila asubuhi saba, tatu au nne mizani ilikuwa imepanda. Kama ningekuwa naangalia asubuhi moja moja ningeacha mwezi wa kwanza.

Kuna ushauri mmoja ambao hadi leo unanikasirisha. Jirani anayeuza viatu aliniambia, "Siste, jifunge nailoni tumboni, vaa jaketi, ukimbie. Mafuta yatatoka na jasho." Nilifunga. Saa 4 asubuhi, na mnajua jua la Kisumu saa hizo, Kondele hadi soko la Kibuye na kurudi. Nilipungua kilo 1.1 na nikashangilia. Saa moja baadaye kichwa kinagonga, mkojo umekuwa na rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa, moyo unakimbia. Nikanywa maji lita moja na nusu, nikala, na kufikia jioni kilo zote zilikuwa zimerudi. Mafuta hayatoki kwa jasho. Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kuupoza mwili, na ukiuziba mwili usipoe katika joto kama letu unaweza kuzirai barabarani au kupata mabaya zaidi. Majani ya chai "ya kukata tumbo" nayo ni ndugu yake: mengi yana sena, ambayo ni dawa ya kuendesha choo. Unapoteza maji, na ukiyatumia muda mrefu tumbo linaweza kuzoea, baadaye choo kikawa kigumu kutoka bila hayo majani.

Kilo 86 nilikwama wiki tano. Huu haukuwa mchezo wa maji, kwa sababu wastani wenyewe ulisimama: 86.1, 86.0, 86.2. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwili wa kilo 86 hautumii nguvu nyingi kama wa kilo 94. Ni kama kubeba mzigo: ukipungua kilo nane unatembea na mzigo mwepesi, na chakula kile kile kilichokuwa kinakupunguza sasa kinakushikilia hapo hapo. Ya pili, mkono ulikuwa umelegea bila mimi kujua. Nikarudi kupima kila kitu kwa siku kumi.

Nilichokuta ni njugu. Nilikuwa nimeacha mandazi nikaweka njugu karanga kwa sababu ni chakula kizuri, na ni kizuri kweli. Lakini gramu 100 za njugu zina karibu kalori 570, na mimi nilikuwa nachota kutoka kwenye kopo nikihudumia wateja, kopo linaisha sijui limeishaje. Nikazihamishia kwenye kifuniko cha chupa ya uji, kifuniko kimoja kwa siku, kopo linabaki nyumbani.

Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyonishinda zaidi, kwa sababu hayaonekani. Ukimwaga kutoka kwenye chupa huwezi kujua umemwaga kiasi gani. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Nyumbani tuko wanne, na nusu lita ya mafuta ya salad ilikuwa inaisha siku tatu, yaani kila mtu zaidi ya mililita 40 kwa siku. Sikupima vijiko, nani ana muda huo? Nilianza kununua nusu lita Jumapili, na ikiisha kabla ya Jumapili nyingine tunachemsha. Wiki ya kwanza iliisha Alhamisi na watoto walinuna. Wiki ya tatu mafuta yalifika Jumapili. Hapo kila mtu anakula kama mililita 18, pungufu ya kalori 200 hivi kwa siku, na mboga ni ile ile. Omena siku hizi naziosha kwa maji moto mara tatu, nazikausha kwenye sufuria kavu hadi zilie zinapogongana, ndipo naweka nyanya, kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta. Ugali nilipunguza kwa kubadilisha mpango wa sahani: mboga za kienyeji kama managu au saga kwanza, nusu sahani, halafu samaki, ugali unachukua nafasi iliyobaki. Chai nilitoa nusu kijiko cha sukari kila wiki hadi nikaizoea bila.

Kutembea natembea, dakika 40 kuanzia saa 12 na nusu asubuhi. Lakini msidanganywe kwamba kunafuta chakula. Soda moja ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200, na hizo dakika 40 zote zimeenda. Natembea kwa ajili ya presha na usingizi. Nilipoteguka kifundo cha mguu kwenye mtaro nikakaa wiki nne bila kutembea, wastani uliongezeka gramu 400 tu, kwa sababu sahani haikubadilika. Mikono nilifanyia mazoezi kitini kwa chupa mbili za lita 2 zilizojaa maji. Wiki nne hizo futi ya fundi wa nguo ndiyo iliyonishikilia: kiuno nilipima kitovuni kila wiki mbili, na kilikuwa kimetoka sentimita 108 hadi 97. Siku mizani inakaa kimya, muulize futi. Na kama unameza dawa za presha au sukari, uzito ukishuka rudi kliniki wakupime, dozi ya zamani inaweza kuwa kali mno. Usipunguze mwenyewe.

Halafu matanga. Upande wetu huu Jumamosi ni ya mazishi, na huwezi kukaa nyumbani. Wali, nyama, chapati, soda, na kukataa chakula cha waliofiwa ni kuwakosea. Nilijaribu kusema nimeshiba, shemeji akaniongezea. Nilijaribu kusema daktari amekataza, wakaanza kunong'ona nina ugonjwa gani. Kilichofanya kazi ni mfupa. Nakula mayai mawili ya kuchemsha kabla ya kutoka Kisumu, ili nisifike na njaa saa 9. Nikifika napokea sahani kwa mikono miwili, naomba nyama yenye mfupa na sukuma, wali kidogo. Nakula polepole, na mfupa ninabaki nao sahanini, bado una nyama nyama. Mtu mwenye mfupa sahanini bado anakula, hakuna anayemwongezea. Naweza kukaa nao saa nzima nikizungumza na wazee.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Nilipofika kilo 80 alinishika mkono, akaugeuza geuza, akauliza, "Nyathina," yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, "kwani mwanangu anakunyima chakula?" Nilimwonyesha kadi ya kliniki: presha ilikuwa 152 kwa 96, siku hiyo ilikuwa 128 kwa 82. Alisoma namba zote mbili mara mbili, kwa sababu yeye mwenyewe humeza dawa za presha. Akaniambia, "Basi mama, nipikie na mimi hizo mboga zako." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenitetea jikoni.

Desemba niliongeza kilo 2 na nusu ushago, kijijini kwetu. Sikungoja Jumatatu wala Januari. Nilirudi kwenye kaunta buku tarehe 27 asubuhi, kilo moja na nusu ikaondoka ndani ya siku tisa kwa kuwa ilikuwa maji, ile moja iliyobaki ikanichukua wiki tatu.

Nataka kufika 72. Kesho kuna mazishi Ugunja, na mayai yako jikoni yanachemka.