Jioni ya Machi 20

Mwaka 2019 majira ya kuchipua yalinikuta na deni. Januari nilikuwa nimejiwekea lengo la kusoma vitabu 24 kwa mwaka, yaani viwili kila mwezi, na kuandika shajara kila usiku kabla ya kulala. Kufikia Machi 20 nilipaswa kuwa nimemaliza vitabu vitano. Sikuwa nimemaliza hata kimoja.

Ilikuwa ile siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, na safari hiyo mwezi nao ulikuwa mpevu. Mti ulio mbele ya dirisha langu, ukiutazama kwa mbali, ulikuwa bado mtupu. Ukiusogelea unaona matumba, madogo kama punje za ngano, yamejifumba ndani ya magamba ya kahawia. Nikavuta kiti hadi dirishani, nikafungua daftari nililokuwa nimelikwepa kwa wiki kadhaa.

Nilidhani nitakuta kurasa tupu. Nikakuta tisa zimeandikwa, na karibu zote zinasema jambo lilelile: nimechoka, leo sikusoma, kesho nitafidia. Kisha, Februari 6, ukurasa umejaa hadi pembeni. Siku hiyo nilikuwa basini na kitabu cha mashairi nilichoazimwa na rafiki, ambacho hata hakikuwamo kwenye orodha yangu, nikazama humo mpaka nikapitilizwa kituo. Nilirudi kwa miguu na wala sikujali. Nilikuwa nimenakili beti mbili kwa mkono, na chini yake nimeandika: "Hivi ndivyo nilivyokuwa nikisoma utotoni."

Nilikaa na mstari huo kwa muda mrefu. Kisha nikanyanyuka kwenda kukichukua kile kitabu kilichokuwa cha kwanza kwenye orodha. Kikaratasi changu kilikuwa ukurasa wa 41, palepale kilipokuwa tangu Januari. Kilikuwa kitabu cha maana, watu ninaowaheshimu walikisifu, nami nilikichagua kwa sababu hiyo tu. Nikakichomoa kikaratasi, nikakirudisha kitabu rafuni. Tangu zamani niliamini kwamba kuacha kitabu katikati ni kukikosea heshima. Kumbe hicho kimoja ndicho kilichoniziba njia miezi miwili na nusu.

Mpango mpya ulienea kwenye nusu ukurasa: kurasa 10 kwa siku, za kitabu chochote ninachokitamani, kuanzia kesho yake hadi Juni 20. Nikapiga hesabu. Siku 92, kurasa 920, vitabu vitatu hivi vya unene wa kawaida. Kwa mtu aliyeanza mwaka na 24 ilikuwa idadi ndogo, lakini niliipenda kwa kuwa niliuona mwisho wake. Shajara nayo nikaipunguzia mzigo: mstari mmoja kila usiku, hata kama ni wa kusema sikusoma.

Asubuhi nilianza na mashairi yale ya basini, toka ukurasa wa kwanza.

Juni 20 nilijumlisha kurasa nilizokuwa nikiziandika pembeni mwa kila tarehe. Zilikuwa 861. Siku tisa zina neno moja tu, "sikusoma", lakini hakuna tarehe hata moja iliyoachwa wazi. Daftari hilo ninalo mpaka leo.