Kalenda mbili ukutani

Ukuta wa jiko langu hapa Ngamiani, Tanga, una kalenda mbili. Moja ni ya kawaida, Januari mpaka Desemba, na hiyo inaniambia pensheni inaingia lini. Ya pili ni ya mwezi mwandamo, mume wangu, Mzee, aliileta kutoka msikitini, na hiyo ndiyo inayoniambia tutakula nini. Ilinichukua karibu miaka miwili ya kustaafu kuelewa kwamba pesa yetu inafuata kalenda moja na bahari inafuata nyingine.

Nilifundisha hisabati shule za msingi kwa miaka 36. Nilipofika 60 na kukabidhi chaki, nilijua jambo moja tu kuhusu bajeti: kugawa. Nilichukua pensheni, nikatoa umeme, maji na dawa, kilichobaki nikakigawa kwa 30. Kwa watu watatu, mimi, Mzee na mjukuu wetu anayesoma hapa mjini, ilikuwa inatoka elfu 8 kwa siku. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kila mwezi, ikifika tarehe 20, nilikuwa nachukua unga kwa mkopo dukani, na jambo hilo liliniuma sana, maana mwenye duka ni mwanafunzi wangu wa zamani na hakuwahi kuniambia hapana.

Aliyenifumbua macho ni muuza samaki pale Deep Sea, soko letu la samaki. Asubuhi moja nilimlalamikia kwamba juzi kisado cha dagaa wabichi kilikuwa bei ya kutupa na leo fungu la kiganja linauzwa kama nguru. Akaniambia, "Shikamoo kwanza, Mwalimu. Sasa mwezi si umetoka? Watu wamelala, subiri giza."

Nimezaliwa Tanga, na neno giza la wavuvi nilikuwa nalisikia tangu utotoni. Sikuwahi kulileta jikoni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Bahari ikiwa nyeusi, dagaa hukusanyika kwenye mwanga wa chombo na nyavu zinajaa. Mwezi ukipevuka, mwanga unatapakaa juu ya maji yote, taa inakosa nguvu, na vyombo vingi havitoki. Kwa hiyo kuanzia kama tarehe 22 ya mwezi mwandamo mpaka kama tarehe 6 ya mwezi unaofuata, dagaa wapo. Katikati ya mwezi mwandamo, zile siku za 13, 14 na 15, ukiwaona ujue utawalipia.

Na mwezi mwandamo una siku 29 au 30, kwa hiyo hauendi sambamba na mshahara wa mtu. Mwaka huu giza linaweza kuangukia siku za pensheni, baada ya miezi kadhaa likaangukia siku ambazo mkoba umekauka. Hapo ndipo kugawa kwangu kwa 30 kulipokuwa kunavunjika. Nilikuwa na elfu 8 ileile siku dagaa ni rahisi na siku dagaa ni ghali.

Sasa natumia elfu 6 tu kwa siku. Ile elfu 2 ya kila siku inaingia kwenye kibubu, naiita fungu la giza. Giza likiingia, Mzee anapanda baiskeli alfajiri mpaka Deep Sea na ndoo nyuma. Daktari alimwambia afanye mazoezi, na mji wetu ni tambarare, hamna kisingizio. Anarudi na visado vitatu au vinne. Kimoja tunakula siku hiyo na kesho yake. Vilivyobaki naosha, naloweka kidogo kwenye maji ya ndimu, naanika uani kwenye wavu ulioinuliwa. Sichemshi kwa maji ya chumvi kama wanavyofanya wanaokausha kwa biashara, kwa sababu Mzee ana presha.

Hii ya chumvi nataka kuieleza vizuri, kwa kuwa naona wastaafu wenzangu wengi wanaambiwa "punguza chumvi" halafu wanaachwa hapo. Kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo mpaka ile ya kwenye mkate na andazi. Mimi kila Jumamosi napima vijiko 10 vya chai natia kwenye kopo dogo. Hiyo ndiyo chumvi yetu ya kupikia ya wiki nzima, watu watatu. Kopo likiisha Alhamisi, Ijumaa tunakula bila chumvi. Wiki za mwanzo Mzee alikuwa anasukuma sahani. Kilichomrudisha mezani ni uchachu. Tuna mti wa mbirimbi uani, na dagaa wabichi wakipikwa chukuchuku kwa nyanya, kitunguu, pilipili mbuzi na mbirimbi tano zilizokatwa, ulimi hauitafuti chumvi. Mbirimbi zisipokuwepo natumia ukwaju, na msimu wa embe natia embe mbichi. (Mwenye matatizo ya figo aziogope mbirimbi, hasa maji yake yaliyokamuliwa. Huyo atumie ndimu.) Dagaa tunawala na miiba yao, na kwa mifupa ya umri wetu hiyo ni kalsiamu ambayo hatuinunui duka la dawa.

Siku za mbalamwezi tunakula kunde, choroko, mbaazi. Naloweka usiku kucha, namwaga yale maji, naivisha kwa mkaa kidogo. Nazi moja inakwenda siku mbili, nusu leo na nusu kesho, na ninatia tui mwishoni tu. Mboga ni matembele na kisamvu; kabichi na karoti za Lushoto nanunua soko la Mgandini jioni wauzaji wakianza kufunga. Unga ni dona. Nasagisha pishi mbili mbili, kwa sababu dona lina mafuta ya kiini na likikaa sana linaanza kunuka na kuwa chungu.

Kuna kosa moja lililonigharimu. Mwezi wa Mei, mwaka wa kwanza wa mpango huu, giza liliingia na kibubu kimejaa. Nikatoa fungu zima, tukanunua visado vitano. Masika haikuniuliza. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, dagaa hawakuona jua, na siku ya nne Mzee alichimba shimo chini ya mbirimbi tukawafukia wote. Nililia. Elfu 2 za mwezi mzima, na chakula cha watu, chini ya udongo. Tangu hapo, masika nanunua cha kula siku mbili tu, na pesa inayobaki inasubiri. Inasubiri pia kwa ajili ya kusi, maana upepo ule ukichafua bahari kuna siku hata giza halisaidii, vyombo havithubutu kutoka.

Dukani sijachukua unga kwa mkopo mwaka na miezi minne sasa. Presha ya Mzee mara ya mwisho ilikuwa 134 kwa 82, na dawa bado anameza kama alivyoandikiwa.

Leo ni tarehe 20 ya mwezi mwandamo. Nimetoka uani baada ya Isha, mwezi bado haujachomoza, utakuja usiku sana. Kibubu kina elfu 50. Mzee ameweka ndoo karibu na mlango, na ameniuliza mara mbili kama nimeshona wavu wa kuanikia pale paka alipouchana. Sijashona. Nakwenda kutafuta sindano.