Sekunde 19 za Babu

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, na mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, ambako asubuhi husikilizani na mwenzako kwa kelele za injini na wachuuzi wa dagaa, ukawa na utulivu ambao sikuwahi kuuona. Mitumbwi imepandishwa mchangani, chanja za kuanikia tupu. Nikasema sasa ndiyo nafasi ya kumrekodi Babu.

Babu huyu ni mdogo wake babu yangu mzaa mama. Alivua dagaa miaka mingi, enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Aliyeniomba kazi hiyo ni Mama Mkubwa, anayeishi Dar es Salaam kwa binti yake. Siku hizi masikio yake hayasikii tena, ila macho yake ni mazima na anasoma vizuri. Alitaka amwone baba yake mdogo akieleza habari za ziwa, na hasa habari za usiku ambao baba yake mzazi hakurudi. Alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Kwa hiyo video bila maandishi ya chini isingemfaa kitu.

Tulirekodi dakika 52, Babu amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, upepo wa kusi ukivuma. Shida ikaja kwenye kuandika. Mimi nahariri video za harusi kwa Kdenlive, programu ya bure inayofanya kazi nzuri hata kwenye laptopu ya kawaida. Nikaanza kuandika maneno ya Babu kwa mkono: sikiliza, simamisha, andika, rudisha nyuma. Siku nzima ikaniishia kwenye dakika kumi. Ndipo nikakumbuka kwamba Kdenlive inakubali kuongezewa akili mnemba ya kusikiliza sauti na kuandika yenyewe, inaitwa Whisper.

Nilidhani ni kubofya kitufe kimoja. Kumbe kwenye Windows ilibidi kwanza niweke Python, lugha ya kompyuta ambayo Whisper huitegemea, na wakati wa kuiweka kuna kisanduku kidogo chini ya dirisha ambacho usipokitia tiki, programu nyingine hazitaiona Python hata kama ipo. Sikukitia. Kdenlive ikawa inaniambia Python haipo, nami naiona ipo. Saa mbili zilipotea hapo. Nikaifuta, nikaiweka upya, nikatia tiki. Kisha ndani ya mipangilio, sehemu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, nikabofya kusakinisha, ikaanza kushusha vifurushi vyake. Kimojawapo, PyTorch, ni kizito kweli. Bando likaisha katikati. Nikanunua la usiku, mtandao ukakatika, nikaanza tena. Nilimaliza majogoo yakiwika mtaani kwetu Mwanga.

Kuna jambo napenda kulieleza vizuri, maana lingeniokolea muda. Whisper ina modeli za ukubwa tofauti, unachagua mwenyewe. Ile inayoitwa base ina kama MB 140, small inakaribia MB 500, medium ni GB 1.5, na large inafika karibu GB 3. Jinsi modeli inavyokuwa kubwa ndivyo inavyosikia vizuri, lakini ndivyo inavyoichosha kompyuta. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha. Nilianza na base, ikakatakata "migebuka" vipande viwili na "karabai" ikageuka kitu kisichoeleweka. Small ikawa afadhali sana. Na usiiachie ikisie lugha yenyewe. Inasikiliza sekunde 30 za mwanzo tu kisha inaamua, na sekunde 30 zangu za mwanzo zilikuwa upepo. Mistari yote ya kwanza ilitoka kwa lugha nisiyoijua. Nilipochagua Kiswahili kwa mkono, mambo yakanyooka.

Niliiacha ifanye kazi usiku kucha, feni ya laptopu ikivuma. Asubuhi nilikuta mamia ya mistari, kila mmoja umekaa chini ya picha yake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikakaa siku mbili narekebisha: majina ya samaki, majina ya vijiji, maneno ya Kiha ambayo Babu huchanganya. Nilipita kila mahali penye sauti. Penye kimya sikupita, kwa sababu niliona hapana cha kukosewa.

Jumapili baada ya Alasiri nikaenda Ujiji kumwonyesha Babu kabla sijaituma.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekileta?"

Macho yake hayaoni maandishi, hivyo mpwa wangu wa darasa la sita akakaa karibu na laptopu akawa anamsomea mstari kwa mstari, sauti nimeipunguza. Babu alifurahi. Alikuwa akiinamisha kichwa kila jina la mvuvi mwenzake linaposomwa. Tukafika kwenye usiku ule. Mpwa wangu akasoma: "Taa ya kaka ilikuwa mbele yetu. Nikatazama tena, sikuiona." Halafu, bila kupumzika, akasoma mstari uliofuata: "Asanteni kwa kutazama."

Babu akainua mkono.

"Rudia hapo, kitukuu changu."

Akarudia.

"Nani amesema hayo?"

Nikarudisha video nyuma nikaongeza sauti. Babu yuko kwenye mtumbwi, anatazama ziwa. Upepo. Kinywa hakifunguki. Nilihesabu kwenye taimlaini, ule mstari wa muda wa video, sekunde 19, na chini yake yamekaa maneno ambayo hayakutoka kwa mtu yeyote.

"Hapo mimi sikusema kitu," Babu alisema.

Nilimweleza kadiri nilivyoelewa. Kwamba chombo hicho, kilichotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, kilifundishwa kwa kusikilizishwa saa 680,000 za sauti zilizookotwa intanetini, nyingi za Kiingereza. Lugha nyingine 96 zote kwa pamoja ziligawana saa kama 117,000, na Kiswahili kimo humo na fungu lake dogo. Kwamba kikikuta mahali pasipo na sauti ya mtu, wakati mwingine hakinyamazi, kinajaza maneno kiliyozoea kuyakuta mahali kama hapo. "Watu wengi kwenye video wakimaliza kusema wanashukuru," nikamwambia. "Kimesikia umenyamaza, kikadhani umemaliza."

"Sikuwa nimemaliza," akasema Babu.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nafikiria Mama Mkubwa. Mtu mwenye masikio angesikia upepo na kujua maandishi yamekosea. Yeye hasikii. Kwake yeye yale maandishi ndiyo sauti ya Babu, na mahali pale pale anapopotea baba yake angesoma kwamba Babu anawashukuru watazamaji. Angeamini. Angeniamini mimi niliyemtumia.

Usiku ule sikulala mpaka nimepita kila kimya ndani ya dakika zile 52, nikikuza taimlaini na kutafuta mahali ambapo mstari wa sauti umelala chini lakini maandishi yapo. Nilipata sehemu nne nyingine. Nikafuta zote. Hata sasa nikiongezea video maandishi kwa njia hii, naanzia kwenye vimya kabla sijagusa maneno.

Nikaiweka kwenye flashi, nikampa jirani aliyekuwa akisafiri kwa basi la Dar. Baada ya siku nne dada yangu, binti wa Mama Mkubwa, akapiga simu. Walikuwa wanaitazama muda huo huo.

"Mama anauliza, hapa kwenye habari ya baba yake mbona maandishi yamekatika?"

"Mwambie hayajakatika. Babu amenyamaza."

Nikamsikia akiandika kwenye karatasi, kisha akiisogeza mezani.