Arusi mbili chini ya hema la buluu: RAW au JPEG?

Arusi iliyonifundisha ilikuwa hapa Goma, kwenye ua uliozungukwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano. Nilipiga picha zote kwa JPEG, faili ambalo kamera inalitengeneza na kulibana yenyewe. Mama wa bibi harusi alizitazama picha kimya, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona binti yangu anaonekana mgonjwa?" Ubuluu wa hema ulikuwa umeingia kwenye nyuso zote. Nje, mbele ya ukuta, gauni lilikuwa doa jeupe tupu. Maua yake yote yamemezwa na jua.

Nilihangaika nazo usiku kucha. Nikipunguza buluu, ngozi inapauka. Nikitia giza kwenye gauni, linakuwa kijivu tu. JPEG ni chakula ambacho kamera imekwisha kukipika: imeamua rangi, imebakiza ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, mengine imeyatupa. RAW ni faili ghafi, chakula kibichi bado: ile ya biti 14 inatunza ngazi 16,384, na rangi unaiamua mwenyewe baadaye kwenye kompyuta.

Arusi iliyofuata nilipiga RAW, chini ya hema la rangi ileile. Kwenye programu niligusa kitambaa cheupe cha meza kiwe kipimo cha weupe, na nyuso zikarudi. Kwa ajili ya gauni nilipunguza mwanga tangu wakati wa kupiga, kisha kwenye kompyuta nikaangaza sehemu zenye giza. Hapo msijidanganye: mwanga ukishajaa kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, hata RAW haiurudishi.

Lakini picha moja ya pikseli milioni 24 ilikula karibu MB 28, wakati JPEG ingekula kama 9. Kadi yangu ya GB 32 ilijaa kabla ya keki, nikawa napiga magoti nyuma ya spika nikifuta picha. Umeme nao ulikatika nikiwa katikati ya kazi, na wageni walitaka zao kwa WhatsApp usiku huohuo.

Sasa kiapo, pete na chochote kilicho chini ya hema ni RAW. Wageni wanaojipanga kwenye kivuli kizuri ni JPEG, wapate zao palepale.

Picha za yule mama nilizigeuza nyeusi na nyeupe, nikamrudishia nusu ya pesa. Alizipokea kwa heshima. Kitenge chake siku ile kilikuwa cha njano na kijani, na hakuna picha hata moja inayokionyesha.