Jinsi nilivyomwelezea mama historia ya mtaa wetu wa Colindale mpaka akaelewa

Mama alikuja kutoka kisiwa cha Mafia, Tanzania, kukaa na sisi miezi mitatu hapa Grahame Park, Colindale, kaskazini magharibi mwa London, na wiki ya kwanza tu nikaona hana raha. Mi kazini, mke wangu kazini, watoto shule, yeye kakaa dirishani anaangalia majumba ya matofali. Siku moja mjukuu wake akamsomea kibao cha Aerodrome Road, akamwambia bibi hii maana yake barabara ya uwanja wa ndege, basi nilivyorudi jioni akaniuliza, "Baba, huo uwanja wenyewe uko wapi, mbona ndege sizioni?"

Nimekaa hapa miaka tisa na sikuwa na jibu la maana. Nilijua tu zamani palikuwa pa jeshi. Nikasema hapana, mama hawezi kuondoka hapa hajui hata kalala juu ya nini.

Mara ya kwanza nikakosea. Nilisoma kwenye simu kila usiku kama wiki mbili, nikaandika kwenye daftari, Jumapili nikamtoa matembezini naanza kumsomea kwa mpangilio wa miaka. Kwamba mwaka 1910 rubani Mfaransa Louis Paulhan alishindana kuruka kutoka Hendon, ndo eneo hili letu, kwenda Manchester akamshinda Mwingereza Claude Grahame-White, akachukua zawadi ya pauni 10,000, na huyo Grahame-White mwaka 1911 akafungua uwanja wake hapahapa, watu wa London wakawa wanakuja wikiendi kushangaa ndege, na mwaka huohuo barua zikapelekwa kwa ndege kutoka hapa mpaka Windsor. Mama anaitikia "ehee, ehee" lakini macho yako kwa njiwa. Tulivyofika kituo cha treni akasema miguu inauma turudi.

Iliniuma, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Usiku nikarudia daftari langu na hapo ndo nikaona kitu nilichokuwa nimekipita juujuu: vita vilipoanza 1914, uwanja huu ulichukuliwa na kikosi cha anga cha jeshi la maji la Uingereza. Kikosi hichohicho ndo kilileta ndege Mafia! Nikashika kichwa. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imeizamisha meli Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, kule kwenye mikoko, Waingereza wakaitafuta kwa ndege. Walivyoiteka Mafia mwanzoni mwa 1915 wakatengeneza na uwanja kisiwani, na Julai ndege za Mafia ndo zilikuwa juu zinawaelekeza wapiga mizinga mpaka Königsberg ikaishia hapo tarehe 11. Ndege moja siku hiyo ilipigwa ikaangukia mtoni, wawili waliokuwemo wakatoka wazima.

Basi mara ya pili sikuanza na Paulhan wala nani. Nilimuuliza tu mama wakati wa chai, bibi yenu alikuwa anasimulia nini kuhusu vita vya Mjerumani? Akaweka kikombe chini. Akasema bibi alikuwa anasema watu walifyekeshwa minazi, afu kikaja kitu kinanguruma juu, watoto wakaingia uvunguni. Nikamwambia mama vaa koti, twende nikakionyeshe.

Tukapanda basi namba 303 mpaka makumbusho ya jeshi la anga, ambayo yamejengwa juu ya uwanja wenyewe wa zamani, kiingilio ni bure, na kama una mzee usiende wikiendi, nenda katikati ya wiki asubuhi kunakuwa na nafasi ya kukaa. Kwenye jengo la kiwanda cha Grahame-White kuna Caudron, ndege ya Kifaransa, aina ileile iliyopelekwa Mafia mwaka 1915. Mama aliizunguka taratibu sana. Kibanda kidogo cha kukaa mtu, injini mbele, mabawa ya kitambaa, nyuma hakuna mwili kabisa ni fito tu na waya mpaka mkiani. Akasema, "Hii? Hii ndo iliwakimbiza bibi zetu?" Akanyamaza muda mrefu. Kwenye mabanda ya zamani ya kuwekea ndege pia, yale ya wakati wa vita vya kwanza, akainua kichwa akaangalia paa, mbao nyembamba zimepishana huku na huku, akasema hawa wamesuka kama ukili. Mi nimeingia pale mara ngapi sijawahi kuliona hilo paa.

Baada ya hapo maswali yakawa yake, na hiyo ndo ilikuwa raha yangu. Uwanja ulikufaje? Nikamweleza serikali iliununua uwanja kwa Grahame-White mwaka 1925 baada ya mvutano mrefu, lakini mwaka mmoja kabla treni ilikuwa imeshafika Colindale na nyumba zikaanza kuuzunguka uwanja pande zote, ndege zikawa kubwa, uwanja ukabaki mdogo. Shughuli za kuruka zikaisha 1957. Mwaka 1968 likatua dege moja la mwisho, Beverley, limeletwa kuwa la makumbusho, halikuruka tena. Wakazi wa kwanza wa Grahame Park wakaingia 1971, makumbusho yakafunguliwa 1972, jeshi lenyewe likafunga kambi 1987. Sasa hivi na hayo majengo ya 1971 yanabomolewa kujengwa mengine, mama akasema kumbe na nyie mnahamahama juu ya uwanja huohuo.

Usiku alimrekodia dada yake wa Kilindoni, kule Mafia, voisi ya dakika kumi na moja. Nilimsikia jikoni anaeleza fito, waya, kitambaa, afu akasema, "Hapa anapokaa huyu mtoto ndo walipokuwa wanatokea wale."

Kesho yake akataka twende tena, safari hii na watoto, na akasema atakayesimulia ni yeye.